Shule za Grama za Uingereza: Nani Anapewa Nafasi ya Kujaribu?

Kila mwaka inapoingia Julai, kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa England, hufunga orodha ya watoto watakaofanya mtihani wa kuingia shule za grama. Mtihani wenyewe hufanyika Septemba, muda mfupi tu baada ya watoto kutoka likizo ndefu na kuanza darasa la mwisho la shule ya msingi. Mwalimu hamsajili mtoto, wala serikali haimsajili. Ni juu ya mzazi kujua kwamba kuna orodha, kuijua tarehe yake na kujaza fomu. Asipojaza, mtoto wake ameshakosa nafasi kabla hajaulizwa swali hata moja.

Kwa miaka mingi Waingereza wamebishana kama shule hizi humwinua mtoto wa maskini au humfungia nje. Anayetaka jibu aanze na orodha hiyo. Mtihani wenye maswali yaleyale kwa kila mtoto hauwi wa haki ikiwa kuufikia na kujiandaa kwa ajili yake kunategemea uwezo wa mzazi. Na njia za kurekebisha jambo hilo zinajulikana, zimeshajaribiwa na zimezaa matunda.

Zilikotoka

Shule za grama ni sekondari za serikali. Hazitozi karo, bali huchagua wanafunzi kwa mtihani ambao mtoto huufanya akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Sheria ya Elimu ya 1944 iliifanya sekondari kuwa bure England na Wales, na kwa miongo miwili iliyofuata mtihani huo ndio uliowatenganisha watoto. Wachache waliofaulu walielekea shule za grama na kutoka huko vyuo vikuu. Walio wengi walipelekwa shule zilizowaandaa kwa kazi za mikono.

Katikati ya miaka ya 1960 shule hizo zilikuwa karibu 1,300. Kisha mwaka 1965 waziri wa elimu, Anthony Crosland, akatoa waraka wa kuzitaka mamlaka za elimu za mitaa ziandae mipango ya shule zinazopokea watoto wote bila kuwachuja. Nyingi zikabadilishwa. Sheria ya 1998 ikapiga marufuku kuanzisha mpya. Leo England imebaki na 163, zenye takriban mwanafunzi mmoja kati ya kila ishirini wa sekondari za serikali. Kent peke yake ina zaidi ya 30. Nyingine zipo Lincolnshire, Buckinghamshire, Birmingham na pembezoni mwa London.

Wanaoingia ni nani

Kipimo cha umaskini kinachotumika zaidi katika shule za England ni mlo wa mchana wa bure. Kuanzia 2018, familia nyingi zilizopokea ruzuku ya serikali zilistahili mlo huo pale tu mapato yao ya kazi yasipozidi pauni 7,400 kwa mwaka. Hao walikuwa watu wa chini kabisa; juu yao kidogo walikuwapo wengi waliohangaika vilevile bila kuhesabiwa.

Mwaka 2013 Sutton Trust, taasisi inayofuatilia usawa katika elimu, ilichapisha utafiti kuhusu wanaoingia shule za grama. Wanafunzi wapya waliostahili mlo wa bure hawakufika asilimia 3. Walioingia kutoka nje ya shule za serikali, wengi wao wakitoka shule za msingi za kulipia, walikaribia asilimia 13. Maana yake, shule inayoendeshwa kwa kodi ya kila mtu iliwapokea watoto ambao wazazi wao walishaweza kulipa karo mara nne zaidi ya ilivyowapokea wanaokula mlo wa bure.

Sababu si akili. Mtihani huwa na Kiingereza na hisabati, lakini pia mafumbo ya maneno na ya maumbo ambayo hayamo katika mtaala wa shule ya msingi. Mtoto aliyezoeshwa mafumbo hayo kwa mwaka mzima wa tuisheni huyatambua mara tu akifungua karatasi. Mwenzake huyaona kwa mara ya kwanza huku dakika zinahesabiwa. Likizo ya kiangazi, inayoishia mlangoni mwa mtihani, huongeza pengo hilo: mwenye pesa huitumia kumlipia mtoto mwalimu, na asiye nazo hutafuta wa kumwangalia mtoto yeye akiwa kazini.

Buckinghamshire ilijaribu kulitatua jambo hili mwaka 2013 kwa kuleta mtihani mpya uliosifiwa kuwa ni mgumu kuufundishia. Tuisheni haikukoma, wala pengo kati ya matajiri na maskini halikuzibika. Penye ushindani mkali wa nafasi chache, mzazi mwenye uwezo atatafuta msaada, na wa kumuuzia msaada huo hakosekani.

Birmingham ilichofanya

Suluhisho lenye uzito zaidi limetoka Birmingham, kwa wakfu wa shule za King Edward VI, ambao chimbuko lake ni hati ya kifalme ya 1552 na ambao leo unasimamia shule sita za grama jijini humo. Baada ya serikali kuruhusu shule kuwapa kipaumbele watoto waliowahi kustahili mlo wa bure ndani ya miaka sita iliyopita, wakfu huo haukutosheka na kuwahimiza watoto maskini wajitahidi. Ulitenga nafasi. Ulianza na asilimia 20, baadaye ukafika 25, na ukaweka alama ambayo mtoto maskini akiifikia anaweza kupata nafasi hiyo, hata kama iko chini ya alama anayohitaji mwenzake katika ushindani wa kawaida. Sambamba na hilo walimu wake walikwenda katika shule za msingi za mitaa yenye dhiki, wakawaeleza wazazi kuhusu mtihani na kuwazoesha watoto bila malipo.

Wapo wanaouita mpango huu upendeleo. Mimi nauona ni usahihi wa kupima. Mtoto aliyepata alama 95 bila mwalimu wa ziada na mwenzake aliyepata 100 baada ya miezi ya tuisheni hawajaonyesha tofauti ya uwezo. Wameonyesha tofauti ya maandalizi. Anayetafuta vipawa hana budi kuliona hilo.

Msomaji wa Afrika Mashariki haoni geni hapa. Kenya nayo ilipoona shule za kitaifa zikijaa watoto kutoka shule za msingi za binafsi, mwaka 2011 ilibadili kanuni ya mgao ili watoto wa shule za umma wapate sehemu kubwa zaidi. Wenye shule za binafsi walilalamika, lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: nafasi za taifa ni za nani?

Kuhusu usajili, funzo kubwa limetoka Marekani. Wilaya ya Broward, Florida, ilikuwa ikisubiri wazazi na walimu wapendekeze watoto wa kupimwa kwa ajili ya madarasa ya vipawa. Katikati ya miaka ya 2000 ikaamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili shuleni mwao. Wanauchumi David Card na Laura Giuliano walipochunguza matokeo, waligundua kwamba watoto maskini, Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliochaguliwa waliongezeka sana, ilhali kiwango cha kufaulu hakikushushwa. Uwezo wao ulikuwapo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameupima. Bajeti ilipobanwa na upimaji wa wote ukasimamishwa, mafanikio hayo yakatoweka.

Baada ya kuingia

Kupata nafasi ni mwanzo tu. Mwaka 1954 ripoti ya serikali kuhusu wanaoacha shule mapema ilionyesha kuwa watoto wa vibarua walioingia shule za grama wakiwa na alama nzuri walirudi nyuma au waliacha masomo kwa wingi kuliko watoto wa wasomi. Leo kuna koti rasmi la shule, nauli ya basi au treni kwa sababu shule iko mbali na nyumbani, safari za masomo, na upweke wa kuwa miongoni mwa wachache wasioweza kuchangia. Nafasi isiyoambatana na nauli na sare haimfikishi mtoto mbali.

Hoja ya wapinzani wa shule hizi nayo ina nguvu. Mwaka 2018 Stephen Gorard na Nadia Siddiqui wa Chuo Kikuu cha Durham walionyesha kwamba matokeo mazuri ya shule za grama yanatokana zaidi na aina ya wanafunzi wanaoingia kuliko ubora wa shule zenyewe. Na hata mgao wa Birmingham ukienea nchi nzima, watoto wengi maskini watabaki katika shule nyingine, ambazo nazo zinahitaji walimu bora na fedha. Naikubali hoja hiyo. Lakini haimsaidii mtoto wa Kent anayefikisha miaka kumi mwaka huu. Shule 163 zipo, zinalipiwa na umma, na hakuna dalili kuwa zitafungwa kesho.

Mwaka 2018 serikali ilitenga pauni milioni 50 kuzipanua shule za grama na kuzitaka zinazoomba fedha zieleze namna zitakavyowapokea watoto maskini zaidi. Wazo lilikuwa sahihi, ila liliwagusa tu walioomba. Sharti hilo liwe sheria kwa shule zote. Kila mtoto anayestahili mlo wa bure aandikishwe kwenye mtihani moja kwa moja na aufanyie katika shule yake ya msingi, isipokuwa mzazi akikataa. Kila shule ya grama itenge angalau robo ya nafasi zake kama Birmingham, na igharimie nauli na sare za wanaoingia kwa mgao huo. Shule isiyokubali masharti hayo haina sababu ya kuendelea kuchagua watoto kwa fedha za watu wote.