Nivo ya tarakta: tuipime kwanza, tuiamini kisha

Tarakta inapinduka mbele shofere hajapata nafasi ya kuruka. Juu ya ile, wengi wetu tunafunga nivo ya mwinamo karibu na usukani. Iko muzuri, lakini ifungwe sawasawa.

Kwanza tupime upepo wa mipira: mupira moja ukilegea, nivo itadanganya. Tusimamishe tarakta, tusome namba. Halafu tuigeuze, magurudumu yarudi palepale, tusome tena. Namba iwe ile ile, lakini upande mwingine. Ikisoma 3 kushoto, kisha 1 kuume, kweli iko 2: tulegeze visi, tuweke 2, tukaze.

Tena tuangalie: ni digrii ao ni kwa mia? Mwinamo wa 20 kwa mia ni karibu digrii 11 tu. Digrii 20 zinapita 36 kwa mia. Mwenye kuchanganya anatafuta kaburi.

Na nivo inasema pale tuko. Shimo la mbele hailioni. Basi, twende polepole, na watoto wabaki chini. Bibi anatungojea nyumbani.