Ndege Aliyenasa Ndani ya Msikiti: Hukumu Yake na Namna ya Kumtoa

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake. Amma baad.

Ndugu katika imani, si jambo geni shomoro kuingia msikitini akakosa pa kutokea. Mara huinuka watu wakamfukuza kwa fagio, naye akagonga kioo au akapigwa na feni. Waliokusudia kumtoa wakawa wamemuua. Je, Sharia inatufunza nini?

Imam Shafi'i (Rahimahu Allah) amepokea kisa cha Umar bin al-Khattab (Radhiya Allahu anhu). Siku ya Ijumaa aliingia Dar al-Nadwa, Makkah, ili awe karibu na Msikiti Mtukufu. Akatundika shuka yake, njiwa akatua juu yake. Akachelea asiichafue, akamrusha. Njiwa akatua pengine, nyoka akamdaka akamuua. Baada ya swala, Umar akawataka Uthman bin Affan na Nafi' bin Abdul-Harith wamhukumu, kwani aliona kuwa amemtoa ndege penye amani akampeleka penye mauti. Wakaamua atoe mbuzi.

Fidia hiyo inahusu mawindo ya Haram, nasi huku kwetu haitulazimu. Lakini funzo lake halina mipaka: anayemfukuza ndege aangalie kwanza atatua wapi.

Kumpuuza nako ni hatari. Tunaijua Hadithi ya Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia. Basi anayefunga milango akijua ndege yumo, kisha asirudi kumfungulia, na aikumbuke.

Namna ya kumtoa ni nyepesi. Ndege hukimbilia mwanga, na kioo hakioni. Kwa hiyo:

1. Zimeni feni kabla ya jambo lolote.
2. Zimeni taa, teremsheni mapazia, kisha acheni wazi dirisha au mlango mmoja wenye mwanga wa nje.
3. Ondokeni, mtulie. Akikimbizwa huchoka na kuanguka.
4. Akianguka, mfunikeni kwa kitambaa chepesi, mshikeni bila kumbana kifua, kwani hupumua kwa kukitanua. Msimmiminie maji mdomoni. Mwekeni ndani ya boksi lenye matundu hadi apate nguvu, kisha mwachieni mbali na paka.
5. Ikiwa ni usiku, mwacheni apumzike gizani, na alfajiri afunguliwe.

Ama akiingia wakati wa swala, kurukaruka kwake si sababu ya kuikata. Lakini wanavyuoni wameruhusu kuikata swala ili kumwokoa mnyama anayelindwa na Sharia anapokaribia kuangamia.

Na kinyesi chake kisitutie pupa. Kwa Maliki na Hanbali, kinyesi cha ndege anayeliwa ni twahara. Kwa Shafi'i ni najisi, ila husamehewa msikitini inapokuwa vigumu kujikinga nacho. Mkeka huoshwa, lakini uhai ukitoka haurudi.

Wallahu a'lam.