Mwanagenzi na Mkweche Wake

Katika miji yetu ya pwani, mtu aliyenunua gari la mkono wa tatu au wa nne hapati pongezi mpaka awe amejibu maswali. Huulizwa gari lake ni namba gani, maana katika vibao vya Tanzania herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho huwafahamisha watu kama gari liliandikishwa zamani au juzi. Huulizwa linakula mafuta kiasi gani. Na mwisho, kwa sauti ya mtu aendaye kuhani msiba, huulizwa limekwisha kwenda kilomita ngapi. Nilipojibu kwamba Toyota Corolla yangu, ya umbo lile lililoanza kutoka Japani mwaka 1991, ilikuwa na kilomita 287,000, ambazo ni sawa na kuizunguka dunia katika ikweta mara saba na ushei, jirani yangu wa hapa Tanga alitaamali kidogo, kisha akasema, "Basi bwana, umenunua spana mkononi." Hilo ndilo jina letu la gari ambalo mwenyewe hapati Jumamosi ya kupumzika, jina lake jingine, lisilo na adabu, ni mkweche.

Nililinunua kwa kuwa lilikuwa rahisi, na kwa kuwa nilitamani kujifunza ufundi. Sitaficha kwamba sababu ya kwanza ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Watu huitazama mita ya kilomita kama shahidi mkuu, na shahidi ni kweli, lakini anahongeka. Mita hurudishwa nyuma na wachuuzi wasio na haya. Na hata isiporudishwa, haisemi kilomita zile zilikwendwaje, ilhali gari lililokwenda 200,000 katika safari ndefu za lami, likimwagwa oili kwa wakati, laweza kuwa na injini nzima kuliko lililokwenda 90,000 katika safari fupi za mjini, likizimwa kila mara kabla halijapata joto. Wako mashahidi wengine wasiohongeka kwa bei ndogo: mpira wa pedali ya breki uliolika upande mmoja, usukani uliong'aa kwa jasho la viganja, kiti cha dereva kilichobonyea. Viko pia vibandiko ambavyo mafundi wa Japani hubandika kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti wabadilipo oili au mkanda wa taimingi, na aghalabu tarehe zake huandikwa kwa miaka ya enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989. Basi mtu akiona mwaka wa 12 asidhani ni mwezi wa Desemba, bali aongeze 1988 apate mwaka 2000. Katika gari langu kibandiko cha mkanda kilisema mwaka wa 14, kilomita 98,000. Tangu mwaka 2002, kwa hiyo, mkanda ule ama ulikuwa haujaguswa, ama uliguswa na mtu asiyependa kuandika.

Anayekwenda kununua na aende asubuhi, aweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Muuzaji aliyekwisha iwasha injini kabla ya mgeni kufika huenda ana jambo analolisitiri, kwa sababu injini nzee husema kweli yake inapoamka. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha kupata moto ni maji yanayoingia pasipo stahili, na mwenye shaka afungue kifuniko cha oili atazame kama ndani yake mna utando wa rangi ya chai ya maziwa. Utando mdogo waweza kuwa unyevu tu wa gari lisilokwenda mbali. Lakini ukiambatana na moshi mweupe na maji yanayopungua kwenye rejeta, aghalabu gasketi ya silinda hedi imeshindwa, na mwanagenzi amshukuru mwenye gari kwa ukarimu wake na aende zake.

Nilipolileta nyumbani nilifanya alifanyalo kila mwanagenzi: nilinunua vitambaa vya viti na redio. Kwa muda wa wiki mbili nilisikiliza taarabu safi kabisa katika gari ambalo breki zake zilikuwa zikinipeleka nusu hatua mbele ya pale nilipokusudia kusimama. Tadbiri iliyo sawa ni kuanza na vile vinavyolisimamisha gari na kuliongoza, kisha vile vinavyoliendesha, na rangi na mapambo kuja mwisho kabisa, kama fedha imebaki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na pwani yetu unyevu ni tele. Yakisha kunyonya maji hayastahimili tena joto la mteremko mrefu, kwa hiyo yamwagwe yote na kutiwa mapya kila miaka miwili, hata kama pedi hazijalika. Tairi nazo zina umri ulioandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, mathalani 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zangu zilikuwa na meno mazuri, na zilikuwa na miaka kumi na moja.

Breki na tairi zilipokwisha, nikakabili jambo lililonishughulisha zaidi, nalo ndilo lililonifunza hicho kidogo nikijuacho. Gari lilikuwa likinywa petroli. Ili nisiwe nasema kwa dhana nilijaza tangi hadi shingoni, nikaandika kilomita, nikatembea siku kadhaa, nikajaza tena hadi pale pale, nikagawanya. Lita moja ilinipeleka kilomita nane, ilhali injini ile ya sentimita za ujazo 1,498, ikiwa na afya, hufika kumi na mbili na kupita pasipo taabu. Nilifungua plagi nikazikuta zimevaa masizi meusi makavu.

Fundi wa kwanza aliniambia ninunue plagi. Wa pili akasema nozeli zinavuja. Wa tatu, kijana mwepesi wa maneno, alitaja sensa moja kisha ya pili, akaahidi kunitafutia zote Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei ya kindugu. Wa nne alishauri injini nyingine ya mtumba. Lau ningewasikiliza wote ningekuwa nimelinunua gari mara ya pili, na kila mmoja alikuwa na dalili ya kweli ya kushikilia, maana masizi yalikuwapo dhahiri. Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja aliyeacha kazi ya gereji zamani, ambaye alinisikiliza hadi mwisho bila kusogea kitini, kisha akauliza:

"Mwanangu, ukienda Muheza, mshale wa joto husimama wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, sijapata kuutazama."

"Basi katazame kwanza, ndipo uje."

Nikatazama. Katika barabara tupu mshale haukuinuka ila unywele juu ya alama ya baridi. Niliporudi mjini penye msongamano, ukapanda hadi pasipopendeza. Nilipomweleza hayo mzee alicheka, akanipa spana, akanionyesha nati za kufungua pale bomba la maji liingiapo katika injini. Nilikuta kikombe kitupu. Thamostati haikuwamo.

Yafaa kueleza kifaa hiki, kwa kuwa katika nchi zetu kimetupwa na mafundi wasiohesabika. Ni vali ndogo yenye kidonge cha shaba kilichojazwa nta. Maji ya injini yakiwa baridi vali hufunga, maji yakazunguka ndani ya injini tu. Yafikapo kadiri ya digrii 82 nta huyeyuka na kutanuka, huisukuma vali, na maji moto yakapata njia ya kwenda kwenye rejeta kupozwa. Wanaoitoa husema kwamba iliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji, na sisi tumejaliwa jua. Hoja hiyo ina sura ya akili, lakini injini haina habari na hali ya hewa ya Tanga. Inataka joto lake yenyewe, ambalo ni kubwa kuliko la Tanga na la Tromsø, mji wa theluji, pia. Ikikosa joto hilo, kompyuta inayopima petroli hudhani kila saa kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, nayo huongeza petroli, kama vile magari ya kabureta yalivyovutiwa choki. Petroli iliyozidi huacha masizi kwenye plagi, huosha oili katika kuta za silinda, na nyingine huteremka ikaichanganya oili chini. Kwa hiyo masizi yangu, kiu ya gari, na injini kuzeeka upesi, vyote vilikuwa watoto wa mama mmoja.

Lakini kwa nini iliondolewa? Hapo mzee alinizuia nisikimbilie dukani. Aghalabu, alisema, thamostati hutolewa gari linapochemsha, na kuchemsha kukapungua kidogo, na mwenye gari akalipa na kushukuru, wakati kosa lenyewe limebaki pale pale. Ni kumfukuza bawabu kwa wizi uliofanywa na mwenye nyumba. Ukirudisha thamostati bila kulitafuta kosa lile, gari litachemsha tena, nawe utasema waliokutangulia walikuwa na haki. Tukaifungua rejeta. Nusu ya mirija yake ilikuwa imezibwa na kutu na chokaa, kwa sababu kwa miaka mingi watu walikuwa wakiijaza maji ya kisima, na visima vya pwani vina chumvi. Ilikwenda kuzibuliwa. Injini ikasafishwa kwa maji hadi yakatoka meupe, ikatiwa kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na tindikali.

Thamostati mpya niliijaribu kabla ya kuifunga. Mke wangu alinipa sufuria ambayo hakuihitaji tena, nikakitundika kidude kile kwa uzi ndani ya maji juu ya jiko, pamoja na kipimajoto, nikaketi kungoja kama apikaye uji wa mgonjwa. Katika digrii 80 hakikutikisika. Digrii mbili tatu baadaye kilianza kufunua mdomo wake, polepole, na watoto waliokuwa wamenizunguka wakapiga makofi. Nilipokifunga, niliwasha injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi tangu ingali baridi, hita ikiwa imefunguliwa, nikangoja hadi mapovu ya hewa yakakoma. Mfuniko ule ukisha kufungwa na injini kupata moto asiuguse mtu: humo ndani maji hubanwa yasichemke hata yapite digrii 100, na anayeufungua huyapa ruhusa yote kwa pamoja, usoni pake.

Mshale sasa husimama chini kidogo ya nusu, Muheza na mjini. Lita moja hunipeleka kilomita 12 na nusu. Plagi ni zile zile, nilizisugua tu, na rangi yake imekuwa hudhurungi kama biskuti.

Kazi ya mkanda wa taimingi sikuifanya kwa mkono wangu. Injini hii ina hisani ya pekee, kwamba mkanda ukikatika pistoni hazigongani na vali, gari huzima tu njiani. Lakini ziko injini nyingi zisizo na hisani hiyo, ambazo mkanda mmoja huangamiza hedi nzima, na mwanagenzi asiyejua lake ni lipi asicheze. Kwa kukosa ithibati ya kuwa ulibadilishwa baada ya kibandiko kile, nilihesabu kwamba haukubadilishwa, nikamlipa fundi, nikasimama kando nikimshikia taa. Plagi, filta, oili na pedi nazifanya mwenyewe: plagi injini ikiwa baridi, nikizianza kwa vidole kabla ya spana, kwa kuwa uzi wa alumini ukiharibika hauna dawa ya bei ndogo. Na chini ya gari siingii likiwa juu ya jeki peke yake, wala juu ya tofali za saruji, ambazo hupasuka bila kutoa taarifa. Nilichongesha stendi mbili za chuma kwa mchomeleaji, nazo zilinigharimu pungufu ya ile redio.

Kioo cha dereva bado hupandishwa kwa kiganja, na ubavu wa kushoto una rangi mbili zisizoelewana. Jirani yangu ameniuliza nitalipaka rangi lini. Nimemwambia kwamba Jumamosi hii nafungua dramu za nyuma, naye ameahidi kuja kutazama, na amesema atakuja na spana yake.