Funda la Kwanza la Chai

Saratani ya umio mara nyingi haianzi kwa maumivu. Huanza kwa tonge. Siku moja tonge la ugali linasita kifuani, mtu analisukuma kwa maji, linashuka, yanaisha. Wiki chache baadaye ameanza kuukwepa ugali bila kumwambia yeyote. Anataka wali wenye mchuzi mwingi, kisha ndizi za kupondwa, kisha uji, kisha uji mwepesi. Nyumbani wanamnunulia dawa za vidonda vya tumbo, maana ndiyo maradhi wanayoyajua. Anapofikishwa hospitali ya rufaa, pengine hata mate hayashuki, na nguo zake zinamning'inia kama alizoazima.

Umio, ambao wengi huuita koo la chakula, ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi, linaloshuka nyuma ya bomba la hewa hadi kwenye mlango wa tumbo. Hutanuka kwa urahisi, na hapo ndipo hatari inapojificha: uvimbe unaweza kukua kwa muda mrefu kabla chakula hakijakosa njia. Ndiyo maana wagonjwa wengi huchelewa, na ndiyo maana saratani hii huua wengi kati ya wanaoipata. Duniani kote, mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu wapya 604,000 waligundulika nayo, na waliofariki kwa ajili yake mwaka huohuo walikuwa 544,000. Idadi hizo mbili zinakaribiana mno.

Iko ya aina mbili kubwa, na tofauti yake ina maana kwetu. Ulaya ya magharibi na Marekani, inayoongezeka ni ile inayoota karibu na tumbo, na inahusishwa sana na unene uliopindukia na kiungulia cha miaka mingi. Yetu ni nyingine. Huku Afrika Mashariki karibu yote huanzia kwenye seli bapa, zile zilizojipanga kama vigae kwenye utando wa ndani wa umio. Kwa hiyo ushauri unaoandikwa kwa ajili ya msomaji wa London hauwezi kuchukuliwa wote kama ulivyo na kukabidhiwa mkazi wa Rombo au Bomet.

Ukiangalia ramani ya ugonjwa huu barani Afrika, unaona mstari. Unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, na kuishia Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini. Afrika Magharibi ugonjwa huu ni nadra. Huko Bomet, Kenya, madaktari wa hospitali ya Tenwek wamekuwa wakiwapokea hata wagonjwa wenye umri usiofika miaka 30, jambo ambalo katika nchi nyingi daktari anaweza kustaafu bila kuliona. Kitu gani kinakaa kwenye mstari huo? Watafiti wamelikabili swali hili Eldoret, Moshi na Malawi, na jibu wanaloendelea kulipata ni kwamba hakuna sumu moja. Ni mazoea kadhaa yanayouangukia utando uleule. Mojawapo liko mezani kila asubuhi.

Nimekulia katika nyumba ambayo chai isiyofuka mvuke ilirudishwa jikoni. Kumkaribisha mgeni kwa chai vuguvugu ilikuwa ni kumwambia hukumtarajia. Sasa, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikutanisha wataalamu wakapitia ushahidi wote uliokuwapo kuhusu vinywaji. Kahawa iliondolewa kwenye orodha ya vinavyoshukiwa, ambako ilikuwa imekaa tangu 1991. Chai nayo haikulaumiwa. Kilicholaumiwa ni joto: vinywaji vya moto sana, yaani vya zaidi ya nyuzijoto 65 za Selsiasi, viliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hata maji matupu ya moto kiasi hicho yamo humo.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Golestan, kaskazini mwa Iran, jimbo lenye wagonjwa wengi wa umio. Wakazi wake wengi hawanywi pombe, na hilo ni la thamani kwa mtafiti, kwa sababu linamwezesha kuliona joto likiwa peke yake. Utafiti uliotoka mwaka 2009 uliwalinganisha wagonjwa na watu wazima wenzao wa eneo hilohilo. Waliosema hunywa chai ya moto sana walikuwa na uwezekano wa ugonjwa mara nane hivi kuliko waliosema hunywa ya vuguvugu. Kuna anayeweza kupinga, na kwa haki, kwamba mgonjwa anapoulizwa habari za zamani kumbukumbu yake inaweza kumpotosha. Ndiyo maana uzito uliongezeka pale watu wapatao 50,000 wa jimbo hilo, waliopimwa joto la chai yao wakiwa wazima, walipofuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 na kuendelea, walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 90. Hapo namba ni ndogo kuliko mara nane, lakini inaaminika zaidi, na mimi ndiyo ningeishika.

Na kwetu je? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 188 wa Kilimanjaro walipewa chai, kipimajoto kikaingizwa kikombeni, wakaambiwa wanywe pale watakapoona imefikia wanavyopenda. Wastani wa joto katika funda la kwanza ulipita nyuzi 70 kidogo. Wanywaji wa chai ya maziwa waliianza ikiwa moto zaidi kuliko wale wa chai ya rangi. Mwingereza huchukua chai iliyokwisha kuiva akaitia maziwa ya baridi, na papo hapo joto linashuka. Sisi maziwa, maji na majani tunavichemsha pamoja sufurianini, tunamimina kwenye chupa ya kuhifadhi joto, na kutoka humo moja kwa moja kikombeni.

Joto linafanyaje kazi? Utando ukiungua, seli za juu hufa na zile za chini hulazimika kugawanyika upesi kuziba pengo. Jambo hilo likitokea mara moja, mwili unatibu na kusahau. Likitokea mara tatu kwa siku kwa miaka 30, kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika maandishi ya urithi ya seli, na utando uliochubuka huacha kemikali nyingine zipenye kwa wepesi kuliko zamani. Ukubwa wa funda nao una neno lake. Funda dogo hupoteza joto mdomoni, funda kubwa hufika chini likiwa bado na moto wake. Kwa hiyo mzee anayeonja kahawa chungu kwenye kikombe kidogo barazani hayuko sawa na kijana anayegugumia kikombe kikubwa amesimama, anawahi basi.

Neno "huenda" katika uamuzi wa IARC linahitaji maelezo, kwa maana limewahi kuleta taharuki. Makundi ya shirika hilo yanaeleza ushahidi ni thabiti kiasi gani. Hayaelezi hatari ni kubwa kiasi gani. Mwaka 2015 soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziliwekwa kundi la kwanza, kundi la tumbaku, na magazeti yakaandika kana kwamba soseji ni sawa na sigara. Si kweli. Vifo vya saratani vinavyokadiriwa kutokana na kula sana nyama za kusindikwa ni kama 34,000 kwa mwaka duniani kote. Vya tumbaku ni kama milioni moja. Kilicho sawa ni uhakika wa wanasayansi kwamba vyote viwili vinahusika.

Tumbaku na pombe ndivyo vinavyofuata katika habari ya umio, na hapa ushahidi hauna "huenda". Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba, na bakteria wa mdomoni huanza kazi hiyo kabla hata pombe haijamezwa. Iwe mbege, chang'aa, bia ya chupa au mvinyo wa hoteli, kemikali ni ileile. Linalotofautiana ni wingi na ukali. Anayevuta huku akinywa hajumlishi hatari mbili, anazizidisha. Mwaka 2013 watafiti waliripoti kuikuta asetaldehaidi katika sampuli nyingi za mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin yanayotunzwa kwenye kibuyu. Taarifa hiyo iliwaumiza wengi, na ninaelewa kwa nini. Lakini kuikuta kemikali ndani ya kibuyu ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba ndiyo iliyowaletea watu ugonjwa ni jambo lingine.

Kuna pia moshi. Mama anayepika kwa kuni kwenye jiko la mafiga matatu, ndani ya chumba kisicho na dirisha, anavuta na kumeza masizi yenye baadhi ya kemikali zilezile zilizomo kwenye moshi wa sigara, ingawa hajawahi kuigusa sigara maishani. Nasisitiza hili kwa sababu wagonjwa wa umio wanasimangwa. Watu huuliza alikuwa akinywa nini. Wengi hawakuwa wakinywa kitu, na wale wenye miaka 25 hawakuwa na muda wa kuyarundika mazoea yanayotajwa humu. Mtu aliyebakiza uji tu hastahili kuhukumiwa juu yake.

Sahani yenyewe nayo ina sehemu. Maeneo mengi yenye ugonjwa huu ni ya watu wanaokula wanga wa aina moja mwaka mzima, mboga kidogo, matunda kwa nadra. Mchicha, matembele, maharage, maembe na mapapai ya msimu yanajaza pengo hilo vizuri kuliko makopo ya unga wa virutubisho yanayouzwa kwa ahadi ya kuzuia saratani. Nchini Finland wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 waliwahi kugawiwa vidonge, baadhi yao vya betakarotini, kirutubisho kinachotia karoti rangi yake. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia kama 18. Tunda halikuwahi kufanya hivyo.

  

Turudi kikombeni, kwa sababu hapo ndipo pana badiliko lisilo na gharama. Hakuna anayeombwa kuacha chai. Anaombwa kusubiri dakika tano hivi, zaidi kidogo ikiwa kikombe ni kikubwa. Pwani, wazee waliimimina kwenye kisahani na kunywea humo. Kisahani kina uso mpana, na joto hutoka upesi. Kwingine mama humpoza mtoto chai kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, juu chini, mpaka mtoto aweze kushika kikombe kwa viganja viwili bila kukiachia. Mtoto huyo akifika darasa la tano hakuna tena anayempozea, na kengele ya shule inamngoja.

Kwa aliyekwisha kuanza kukwamwa, kipimo kinachotoa jibu ni endoskopia, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Uvimbe ukionekana ukiwa bado juujuu ya utando, unaweza kuondolewa kwa kifaa hichohicho. Ukichelewa, madaktari wanaweza kuweka bomba la wavu wa chuma linaloutanua umio ili mgonjwa ameze tena, ingawa saratani inabaki palepale. Chakula kikikwama kwa wiki mbili mfululizo, safari ya hospitali iwe wakati mtu bado anaweza kula wali.