Moto Unaovuta Chuma: Ekseli ya Mbele Iimarishwe au Ibadilishwe?

Tairi la mbele linapoliwa upande wa ndani, shauri la kwanza ambalo mwenye gari hupewa ni kufanya alaimenti, yaani kupanga upya mwelekeo wa magurudumu. Hata hivyo, kwa Land Rover ya zamani inayohudumia mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, au Land Cruiser inayopanda Amani wakati wa masika, kasoro inaweza kuwa kwenye ekseli yenyewe, ambayo imepinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni na ambacho alaimenti haiwezi kukiondoa.

Ekseli ya magari kama hayo, ambayo Toyota wameendelea kuitumia katika Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, ni bomba nene la chuma linalounganisha magurudumu mawili, na ndani yake hupita shafti zinazotoka kwenye difu, yaani sanduku la meno linalogawa nguvu ya injini. Gari linapotumbukia shimoni, uzito hulilemea bomba kupitia springi huku ardhi ikiyasukuma magurudumu juu, hivyo ncha za bomba huinuka na magurudumu huinamiana kwa juu.

Tiba iliyozoeleka gereji ni kuchomelea bamba la chuma mgongoni mwa bomba, na hapo ndipo ustadi wa fundi hupimwa, kwa sababu moto wa kuchomelea una nguvu zake. Chuma chenye urefu wa mita moja, kikiongezewa joto la nyuzi 500 za Selsiasi, hutaka kurefuka kwa takriban milimita 6; lakini sehemu iliyo motoni, ikiwa imebanwa na chuma baridi kinachoizunguka, haipati nafasi ya kurefuka, hujibana yenyewe, na inapopoa hunywea na kuvuta kila kilichoshikamana nayo. Mshono mrefu uliopigwa mgongoni mwa bomba kwa mkupuo mmoja utazivuta ncha zake kwenda juu, upande uleule ambao mashimo yalikuwa yamezivuta, na hivyo ekseli iliyoletwa kuponywa inaweza kuondoka ikiwa imepinda zaidi, ingawa sasa ina nguvu zaidi.

Fundi anayeiheshimu kazi yake hujihadhari na jambo hilo tangu mwanzo. Hutoa shafti na sili zinazozuia oili, hulinyoosha bomba kwanza, hulifunga kwenye boriti imara, kisha huchomelea vipande vifupi kwa kuhamahama, kushoto na kulia, akisubiri kila kimoja kipoe na kupima tena kabla ya kuendelea. Kwa mtazamo wake, subira hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mteja anayemharakisha huiharibu mali yake mwenyewe.

Kuimarisha, hata hivyo, kunafaa pale tu ambapo chuma bado ni kizima. Ukanda wa Tanga na Pangani una chumvi ya bahari hewani, na magari yanayobeba samaki hudondokewa na maji ya chumvi, hivyo kutu hulila bomba chini ya tope lililoganda. Fundi hukwangua kwa brashi ya waya, hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Akikuta ukuta wa bomba umekonda au una ufa, hushauri ekseli ibadilishwe, kwa kuwa bamba jipya juu ya chuma kilichochoka huhamisha tu mahali pa kuvunjikia.

Kubadilisha nako kuna mtihani wake. Ekseli zinazonunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, nyingi ni zilizokwisha kutumika, na zile zitokazo Japani huenda zilipita katika barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Inambidi mnunuzi aipime spea hiyo kwa ukali uleule ambao angeipima ekseli yake ya zamani, maana uzima wake hauthibitishwi na rangi mpya iliyopakwa.

Yanabaki maswali ambayo abiria wa mashambani wana haki ya kuyauliza. Ekseli iliyochomelewa ikaguliwe na nani kabla ya gari kurudi kwenye mteremko wa Usambara, na kwa kipimo gani? Ikivunjika, lawama ni ya fundi, ya muuza spea, au ya barabara iliyoachwa na mashimo mwaka hadi mwaka?