Mashine nazo zahitaji kamusi iliyopangwa

UKITAKA maana ya neno ‘wanapikiana’, huendi kwenye herufi W kamusini. Walivua viambishi, kisha wafungua P penye ‘pika’. Kwa muda mrefu niliona hiyo kuwa kazi ya karani tu: kwamba akili hufikiri, haipangi. Mashine zinazothibitisha nadharia za hisabati zimenisuta.

Mashine hizo huanza na kanuni chache, huziunganisha zikazaa nyingine, nazo zikazaa zaidi. Punde si punde huwa maelfu kwa maelfu. Katika kila hatua mashine huuliza: ni kanuni ipi inayooana na kauli hii? Ikizipekua moja baada ya nyingine, itakesha bure.

Hebu tutumie jamaa zetu. Chukua kanuni hii: ‘Mama wa baba wa Fulani ni nyanya wa Fulani.’ Fulani ni nafasi tupu. Yeyote aweza kuingia. Sasa panga kanuni zote kama mti. Zinazoanza na ‘mama’ hushiriki shina moja, kisha matawi huachana: ‘baba’ huku, ‘mama’ kule. Ikija kauli kuhusu mama wa baba wa Amina, mashine hufuata mama, baba, halafu Fulani, na kanuni iko mkononi. Zile za mjomba na shangazi haikuzigusa kabisa.

Kuna kasoro, naam. Katika mti sahili kina Fulani wote ni sawa, hivyo kanuni inayotaka Fulani wawili wawe mtu mmoja yaweza kuletwa hata kwa Juma na Amina. Lazima basi kuhakiki mwishoni. Ila ni kuhakiki wachache, si umati.

Mwamerika William McCune alichapisha majaribio ya miti hii mwaka 1992. Oktoba 1996, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, programu yake EQP ilitatua swali la aljebra lililotokana na Herbert Robbins katika miaka ya 1930. Ilichukua siku 8 hivi. Wanahisabati lilikuwa limewashinda miaka 60.

Funzo kwetu ni lipi? Kamusi ya simu inayolinganisha herufi tu itamwacha mikono mitupu mwanafunzi aliyeandika ‘wanapikiana’. Kiswahili kimeweka maana kwenye mzizi. Anayekiundia mashine na aanzie hapo.