Nani Atavua Juu ya Mwamba wa Zege?

Mwamba bandia ni kitu chochote kinachowekwa na binadamu kwenye sakafu ya bahari ili kifanye kazi ya mwamba wa asili, yaani kuwapa samaki maficho, kuwapa matumbawe na chaza mahali pa kujishikiza, na kupunguza nguvu ya mkondo ili viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki vikusanyike. Unaweza kuwa tofali kubwa la zege lenye matundu, meli kuukuu iliyozamishwa kwa makusudi, au rundo la mawe tu. Wataalamu wamebishana kwa miongo kadhaa kama miamba ya namna hii inazalisha samaki wapya au inawavuta tu wale waliokuwapo kwingine, na mjadala huo, ambao mwanabiolojia wa Marekani James Bohnsack aliuchambua katika makala yake ya 1989, haujafungwa hadi leo. Wavuvi nao wana maoni juu ya jambo hilo, lakini kwa kawaida hawaanzii hapo. Wanaanza kwa kuuliza ni nani atakayeruhusiwa kuvua juu ya mwamba huo na kwa zana ipi, na yaliyotokea katika sehemu mbalimbali za dunia yanaonyesha kuwa swali lao ndilo linaloamua mengi.

Mfano ulio wazi kuliko mingine unatoka Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India ambalo mabaharia wa pepo za kaskazi na kusi wamelijua kwa karne nyingi. Katika wilaya ya Thiruvananthapuram, kusini kabisa mwa jimbo hilo, wavuvi wa kattumaram, chombo cha magogo yaliyofungwa pamoja kwa kamba, walitegemea mishipi na ndoana kwenye miamba iliyo chini ya maji. Mahali pa mwamba palijulikana kwa kulinganisha alama za nchi kavu, kwa mfano kilele cha mlima kikionekana kwenye mstari mmoja na mnara wa kanisa, na ujuzi huo, ambao mvuvi wa Lamu au wa Kojani angeutambua mara moja, haukugawiwa ovyo. Mwamba wa asili haukuwa na hati wala mlinzi, lakini ulikuwa na wenyewe kwa sababu waliojua ulipo walikuwa wachache.

Hali hiyo ilianza kubadilika baada ya 1953, mradi wa pamoja wa India na Norway ulipoleta boti za injini karibu na mji wa Kollam. Biashara ya kusafirisha kambamiti nchi za nje ilipopamba moto katika miaka ya 1960, boti hizo ziligeuka kuwa trola, yaani vyombo vinavyokokota wavu mzito juu ya sakafu ya bahari na kukumba kila kilichomo njiani. Miamba iliharibiwa na samaki wa ndoana wakapungua, hata wavuvi wadogo wakaingia barabarani kuandamana na baadhi ya viongozi wao wakafunga kula. Mwaka 1988 serikali ya jimbo ilianza kupiga marufuku trola wakati wa msimu wa mvua, hatua ambayo wavuvi wadogo walikuwa wameipigania kwa miaka mingi.

Katika miaka hiyo ya 1980 ndipo wanavijiji walipoanza kujenga miamba yao wenyewe, jambo lililochunguzwa kwa makini na John Kurien, mchumi wa Kituo cha Masomo ya Maendeleo cha Thiruvananthapuram. Hawakuwa wakiiga jambo geni, kwa maana tangu zamani wazee wao walizamisha mawe na makuti yaliyofungwa uzito ili kuwavuta samaki. Sasa waliongeza visiki vya minazi, matairi, na pete za zege zinazotumika kujengea visima. Walichokitaka kilikuwa na sura mbili. Kwanza walitaka kurudisha makazi ya samaki yaliyovunjwa, na pili walitaka kuweka kizuizi, kwa kuwa wavu wa trola ukinasa kwenye zege huraruka, na nahodha aliyepata hasara hiyo mara moja atapaepuka mahali hapo. Wahifadhi wa mazingira hupenda kuizungumzia sura ya kwanza, lakini kwa mvuvi wa ndoana, ambaye sheria ya karatasi haijawahi kumlinda usiku akiwa baharini, sura ya pili si ndogo hata kidogo.

Hata hivyo, si kila mvuvi huupokea mwamba kwa mikono miwili, na anayesema kwamba jamii ya wavuvi inaunga mkono au inapinga amerahisisha mno, kwani katika kijiji kimoja mtu wa mshipi hufaidika na mwamba ilhali jirani yake mwenye jarife, wavu unaotegwa kama ukuta majini, huona uwanja wake umepandwa mitego. Liko pia tatizo lisiloonekana upesi. Mwamba bandia haufichiki, maana umebebwa kwa chombo mbele ya macho ya watu na kuzamishwa mchana kweupe, na siku hizi kifaa cha kupimia mahali kwa setilaiti humfikisha juu yake hata mtu asiyeijua pwani hiyo. Kwa hiyo ulinzi wa kale wa siri haupo tena, na badala yake panahitajika kanuni za kijiji na watu wa kuzisimamia, kazi ambayo ni ngumu kuliko kumimina zege. Serikali ilipoichukua kazi ya kujenga miamba na kuanzisha, mwaka 2023, mpango wa kuweka moduli za mwamba bandia 6,300 katika vijiji 42 vya wilaya ya Thiruvananthapuram, 150 kwa kila kijiji, ilimaliza shida ya fedha na vifaa; suala la nani avue hapo halimalizwi kwa kugawa moduli sawasawa.

Namna mwamba unavyoweza kugeuka uzio ilionekana wazi zaidi huko Gibraltar mwaka 2013, serikali ya eneo hilo lililo chini ya Uingereza ilipozamisha matofali ya zege yapatayo 70 na kusema inaunda makazi ya samaki. Wavuvi wa Hispania waliokuwa wakikokota nyavu hapo waliona wamefungiwa mlango, wakaandamana kwa boti zao, na mzozo wa zamani kati ya nchi mbili ukapata kuni mpya. Nchini Italia mambo yalikwenda kinyume, kwa kuwa huko Talamone ni mvuvi mwenyewe, Paolo Fanciulli, aliyeongoza juhudi za kuzamisha sanamu za marumaru ili kuzikomesha trola haramu.

Japani, ambako ujenzi wa miamba bandia una historia ndefu kuliko karibu kila mahali na umegharimiwa sana na serikali tangu miaka ya 1970, upinzani wa aina hiyo haujawa mkubwa, na sababu yake kuu ni ya kisheria. Chini ya sheria ya uvuvi ya 1949, vyama vya ushirika vya wavuvi vina haki ya pekee ya kuvua katika maji ya karibu na vijiji vyao, kwa hiyo anayeweka mwamba anajua mapema kwamba mavuno yake hayatachukuliwa na mpita njia.

Katika pwani ya Afrika Mashariki historia imewafundisha wavuvi tahadhari nyingine. Hifadhi ya Kisite, kusini mwa Kenya, ilipoanzishwa katika miaka ya 1970, watu wa kisiwa cha Wasini na wa Shimoni walizuiwa kuvua mahali walipokuwa wakivua baba zao, na tangu hapo neno la kuhifadhi bahari husikika masikioni mwa wengi kama tangazo la kufukuzwa. Meli ya mifugo MV Dania, iliyozamishwa karibu na Bamburi mwaka 2002, imekuwa kivutio cha watalii wazamiaji, na mvuvi wa mtumbwi ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi katika mwamba wa namna hiyo. Wakati huo huo, wavuvi wa Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, walijifungia wenyewe hekta 30 mwaka 2005 na kuziita tengefu, na huko Mkwiro, kwenye kisiwa hicho hicho cha Wasini, wenyeji hushirikiana na shirika la REEFolution kupandikiza matumbawe kwenye miundo iliyotengenezwa kwa mikono. Tofauti ya Kisite na Kuruwitu haiko katika ukali wa katazo, kwani kote kuwili uvuvi umezuiwa. Iko katika nani aliyelitoa.

Yapo pia mashaka ya vifaa, ambayo wavuvi huyataja bila kufundishwa na mtu. Huko Florida, Marekani, matairi yapatayo milioni mbili yalizamishwa katika miaka ya 1970 kwa jina la mwamba, kamba na vifungo vyake vikakatika, na matairi yakasukumwa na mawimbi hadi kuiponda miamba hai iliyokuwa jirani, kiasi kwamba kazi ya kuyaopoa imeendelea kwa miaka mingi.

Linalobaki gumu zaidi kwa vijiji vya Kenya na Tanzania ni mgeni anayetambulika. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, vinavyojulikana kwa kifupi BMU, vilipewa nchini Kenya kanuni zake mwaka 2007 na vinaweza kutunga sheria ndogo za eneo lao, lakini wavuvi wa Pemba wamekuwa wakienda dago, yaani kupiga kambi za uvuvi za msimu, hadi Vanga, Shimoni na Malindi tangu kabla ya mipaka ya sasa kuchorwa, na wengi wao wana shemeji na wajomba huko. Kijiji kilichojenga mwamba kwa nguvu zake kitatakiwa kuamua kama mjomba anayefika na kaskazi ataruhusiwa kushusha dema zake juu yake, na kama atatozwa ushuru ule ule anaotozwa mtu asiye na ndugu pale.